Vasilka wa Vranovdol, Aliyetenganisha Seli za Damu

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Vasilka Marincheva alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kijiji cha Vranovdol, mkoa wa Sliven, akiwa kitindamimba wa mzee Gospodin, mfuga nyuki, na mama Yana, akaanza shule hapohapo, hadi mwaka 1963 lilipojengwa bwawa na watu wakaamriwa kuhama, naye akasimama kilimani na mama yake akiangalia maji yakijaa, kila bonde na maji yake, kisha yakapanda, yakakutana, kijiji kikawa ziwa moja.

Alihitimu hisabati Sofia mwaka 1974, akafundisha sekondari, na tarehe 1 Septemba 1983 akaajiriwa katika maabara ya hospitali moja mjini Plovdiv, kuifundisha kompyuta kuhesabu seli katika picha za damu za watoto wenye saratani, kazi iliyowatesa sana wote wa maabara, kwani seli zilizogusana mashine ilizihesabu kuwa moja, hesabu ya seli za ugonjwa ikapungua, na mtoto aliyezidiwa akaonekana ana nafuu. Ndipo aliposoma njia ya wataalamu wa ng'ambo, ya kuitazama picha kama nchi ya mabonde, kitovu cha kila seli kikiwa kilindi, maji yapandishwe toka kila kitovu, na yanapotaka kuungana pajengwe ukuta, ukuta huo uwe mpaka wa seli na seli. Mkuu wake, Daktari Rangel, alimtania, "Vasilka, nimekupa damu, wewe unanijengea bwawa?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Safari hii, daktari, maji hayatachanganyika." Mwanzoni kila doa dogo lilitoa maji yake na seli zikakatika vipande, lakini alipojua kuweka alama kwanza kwenye vitovu vya kweli, hesabu ilikaa sawa, na wapo watoto waliobadilishiwa dawa mapema, leo ni wazazi.

Tarehe 9 Mei 1979 alifunga ndoa na Lyuben, fundi wa reli, wakajaliwa Yavor na Rositsa. Kila vuli walikwenda ukingoni mwa ziwa na mkate na jibini, Vasilka akinyoosha kidole, "Pale kwa jirani yetu mama Gana, pale mizinga yetu," na Lyuben, aliyeona maji matupu, akiitikia, "Naam, napaona."

Mwaka 2017 alianza kusahau, hata majina ya wanawe, ila kila asubuhi aliuliza, "Tunakwenda lini nyumbani?" Agosti 2020, ukame ulipolikausha ziwa, Lyuben alimpeleka, naye akapita juu ya tope lililopasuka, kati ya misingi ya nyumba iliyofanana yote, akasimama mbele ya kizingiti kimoja, akavua viatu, akaingia.

Alifariki nyumbani Plovdiv tarehe 3 Machi 2021, akiwa amemshika mkono Lyuben, akimdhania kuwa ni baba yake, na Lyuben akamwambia, "Ndiyo mwanangu, nipo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta ngano ya kuchemsha ya matanga, na wenzake wa maabara mliobeba jeneza.

Vasilka, tayari tunakukumbuka. Pumzika kwa amani.