Suruali ya Vumilia

Kwenye basi la Geita, mama mmoja alikuwa akishona pindo la suruali mpya ya kiume. Kila tuta, sindano ilinitazama mimi niliyekaa ng’ambo ya ujia. Jirani yake wa kiti akauliza, “Ya mzee hiyo?”

“Ya Vumilia, binti yangu. Anasema yeye ni mwanamume.”

“Mambo hayo kayatoa huko kwenye machimbo ya dhahabu!”

“Machimbo yapi, dada? Tangu mdogo, ukimvisha gauni analia kama kaumwa na nge.”

“Ungemfinya, angeacha.”

“Nilimfinya. Akaacha kuja nyumbani. Leo namfuata.”

Nilijifanya nimelala, ila masikio yaligoma.

“Na ng’ombe wa mahari?”

“Wabaki kwao, nyasi wanazo.”

Basi likasimama stendi. “Mimi sikubaliani na wewe hata kidogo,” jirani alisema, akimpokonya suruali. “Lakini pindo limepanda upande mmoja. Lete sindano, usimwaibishe mtoto.”