Gunia la Kumi la Mzee Josephu Tweve

Mzee Josephu Tweve alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kijiji cha Bulongwa, Makete. Kwao ni baridi, na hadi uzeeni hakulizoea jua la Mtwara. Kila mchana alitafuta kivuli kama mtu aliyewasili jana.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, kisha sekondari Njombe, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1971. Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la korosho mjini Mtwara. Kazi yake ilikuwa kuyachoma magunia bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa korosho za katikati, ili ajue kama kilichomo ndani kinafanana na kilichopangwa juu. Wakulima walimtania kwa kumwita Daktari wa Sindano. Mtu akileta gunia lenye ujanja, marehemu hakumfokea. Alimwambia taratibu, "Mjomba, mgonjwa wako ana homa ya tumbo," na mwenye gunia akacheka na wenzake, akalirudisha nyumbani. Alistaafu mwaka 2013.

Tarehe 22 Novemba 1980 alifunga ndoa na Jesca Mbilinyi. Walijenga Chuno, wakapata shamba la mikorosho Kilambo, karibu na Mto Ruvuma. Kuanzia mwaka 1991 alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyewafundisha waumini wapya kutoa fungu la kumi. Aliwaambia wamtengee Mungu kwanza, ndipo wao wajigawie.

Yanayofuata aliagiza yasomwe bila kupunguzwa, na Mama Jesca ameridhia.

Msimu wa mwaka 2014 mvua iliwahi, ikalowesha korosho zilizoanikwa. Familia ilipata magunia tisa safi. La kumi marehemu alilijaza zilizooza, akatandaza nzuri juu. Mama alipomtazama, alijibu, "Hilo ni la kanisani. Nani atalichoma bambo?" Mama alichukua sindano, akalishona mdomo.

Siku ya mavuno gunia hilo lilinadiwa baada ya ibada, pamoja na kuku na mikungu ya ndizi, kama ilivyo desturi. Lilinunuliwa na Albertina, mjane aliyehamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma, anayekaanga korosho na kuziuza Rahaleo. Alipolimwaga nyumbani kwake, alifunga kanga akaja Chuno jioni ileile. Hakuja kudai chochote.

"Baba Upendo, kanisani kuna mtu anakuibia," alisema. "Za juu nimezijua, ni zako. Za chini wamezibadilisha. Wewe huwezi."

Marehemu alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Badala yake akamkaribisha chai.

Habari ilienea. Funguo za stoo ya kanisa alikuwa nazo Mathayo, mtunza kanisa, naye akanyang'anywa. Kikao cha wazee kilipoamua hivyo, marehemu alikuwamo, ameinamisha kichwa. Majuma yalipita, na watoto wa Mathayo wakawa wanazomewa njiani kwa jina la wezi. Siku moja Mathayo alikutana na marehemu sokoni, akampisha, akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Marehemu alishindwa kuitikia.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama. "Gunia lile nililijaza mimi," alisema. "Mathayo hakuligusa."

Alivuliwa uzee wa kanisa, akatengwa kwa muda. Mathayo alirudishiwa funguo, na Albertina alipelekewa gunia jingine, safi hadi chini. Tangu mwaka huo marehemu hakuleta tena fungu lake likiwa limeshonwa. Alilimwaga kwenye mkeka mbele ya mlango wa kanisa, kila apitaye alione, kisha akakaa hapohapo barazani ibada nzima. Hata adhabu yake ilipokwisha na mchungaji alipomwita ndani, alisema pale panamtosha.

Mwezi Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, na kufikia Oktoba hakuweza tena kuinuka. Ndipo Mathayo alipokuja kumwona. Tangu yale yatokee hakuwa ameingia nyumba hii. Marehemu alianza tena kumwomba radhi, naye akamkatiza.

"Mzee, mimi nilisharudi ndani siku nyingi. Uliyebaki nje ni wewe."

Marehemu aligeukia ukutani, akalia. Alifariki dunia alfajiri ya Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Mama Jesca. Watoto watatu, Upendo, Gideoni na Agnes. Na wajukuu saba.

Aliagiza pia jeneza lake liwekwe kwenye baraza la kanisa wakati wa ibada. Familia ilipompelekea Mathayo agizo hilo, alisema mengine yote ya mzee atayatii, hilo hapana. Mlango mkubwa ataufungua yeye mwenyewe.

Ingia, Mzee Josephu, ukapumzike.