Siku Tuliyokataa Kufungiwa Ghalani

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu wa Mkolani. Naitwa Tabitha. Wengi wenu mliujua mwendo wangu kabla ya kulijua jina langu, na leo hilo halinisumbui. Zamani lilinisumbua sana, ndiyo maana nimeomba dakika chache nisimame mbele yenu.

Mimi ni mzaliwa wa Majita, katika nyumba ya wavuvi. Nikiwa na miaka mitatu polio ilinikausha mguu wa kulia. Tangu nijue kuomba, ombi langu lilikuwa moja: Bwana, niondolee mguu huu, unipe mwingine. Kanisani nilikuja wa kwanza, wenzangu wakiwa bado wanaoga, ili nisionekane nikitembea. Nilikuwa nimeokoka, ndugu zangu, lakini aibu ilikuwa bado inanitawala.

Viwanda vya samaki vilipoanza kufunguliwa hapa Mwanza, nilikuja kutafuta kazi kama wengine, nikaipata kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Kazi yangu ilikuwa kuchomoa miiba kwa kibano. Mnofu ukishapita mkononi mwangu, ungempa mtoto mdogo bila wasiwasi. Wenzangu walifanya kazi wamesimama, mimi nilikaa kwenye stuli ya mbao.

Wenye ulemavu tulikuwa watatu. Mimi, na Josefina, dada wa Kihaya ambaye aliungua mkono wa kushoto utotoni mpaka vidole vikashikana. Wa tatu ni Mashauri, Msukuma wa Bujora, baba wa watoto wanne. Hasikii wala hasemi. Alikuwa mnoaji wa visu, na kiwanda kizima hapakuwa na kisu ambacho hakikupita kwenye jiwe lake.

Kisha akaja meneja mpya. Tukaambiwa wanunuzi kutoka Ulaya watakuja kukagua, kila kitu kionekane cha kisasa. Kuta zikapakwa rangi, tukapewa makoti meupe. Asubuhi ya ugeni, msimamizi wetu, Dada Ester, akatuita sisi watatu. Hakututazama usoni.

"Twendeni mara moja kwenye ghala la maboksi," alisema. "Ni saa moja tu."

Tulipoingia, akafunga mlango kwa nje.

Ndugu zangu, tulikaa mle tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Josefina alikuwa na mimba ya miezi saba. Aligonga mlango aruhusiwe kwenda chooni, akagonga mpaka mkono ukachoka. Mwishowe alijisaidia ndani ya boksi, mimi nikimkinga kwa kanga yangu. Mke wa mtu, mama mtarajiwa, alilia kimya kimya.

Lakini aliyeniumiza moyo zaidi ni Mashauri. Hakuna mtu aliyemweleza kwa nini tuko mle. Yeye alidhani tumepangiwa kazi, na tulipoingia tu alikunja mikono ya koti akaanza kupanga maboksi. Aliyapanga yakanyooka kama ukuta, kisha akanigeukia akitabasamu, nimsifu. Nikaona siwezi kumwacha hivyo. Nikamwonyesha mguu wangu, nikamwonyesha mkono wa Josefina, nikamgusa sikio lake. Halafu nikajifunika uso kwa kanga, kama mtu anayeona haya.

Alielewa. Tabasamu likamtoka. Akakaa sakafuni, akageukia ukuta, na hakutugeukia tena mpaka mlango ulipofunguliwa.

Nilipomwona amekaa vile, nilijiona mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nikijifungia kwenye ghala langu bila kungoja meneja.

Kesho yake asubuhi niliamka kuomba, na ombi langu la zamani likanikwama mdomoni. Nikajikuta nasema maneno mengine: Bwana, uniachie mguu huu, uniondolee aibu. Ndugu zangu, sikuona nuru wala sikusikia sauti. Ila nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Jumapili iliyofuata nilifika ibadani nimechelewa makusudi, nikapita katikati ya watu wote na mkongojo wangu ukigonga sakafu. Mnaokumbuka siku ile, sasa mmejua sababu.

Baada ya miezi mitano, Josefina akiwa ameshajifungua na kurudi kazini, ikatangazwa wanunuzi wengine wanakuja. Dada Ester akaja mezani kwangu na ufunguo.

"Tabitha, twende."

"Dada Ester, leo siendi."

"Ni amri ya meneja. Usinitafutie matatizo."

"Basi aje aniambie mwenyewe, mbele ya wenzangu."

Josefina aliposikia, naye akabaki. Mashauri alitutazama sisi, akautazama ufunguo, akarudi kwenye jiwe lake akaendelea kunoa. Meneja akaja mbio.

"Ninyi mnaharibu sura ya kiwanda," alisema. "Wageni wakiona vilema hapa watasemaje?"

Nikamjibu, "Bwana Meneja, samaki wanaokwenda kwa hao wageni miiba yao nimeichomoa mimi. Kama mikono yangu inafaa, mimi pia nafaa kuonekana."

Akatufukuza kazi papo hapo. Tulitolewa getini sote watatu, Josefina akiwa na mtoto wake mchanga nyumbani.

Zilikuwa wiki ngumu. Hata waumini wenzangu waliniambia, "Ungenyamaza tu, dada, Mungu angekupigania." Nikawajibu kwamba safari hii Mungu alinituma niseme. Tukaenda kwa afisa kazi. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukalisha, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita meneja afike na maelezo yake.

Meneja alikuja amejiandaa. Alisema hakuna aliyefungiwa, kwamba sisi ni wavivu tuliogoma kazi. Na shahidi alikuja naye: Dada Ester. Nilipomwona akiingia, moyo ulinishuka. Ester alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni, na mshahara wake ulikuwa mikononi mwa yule yule aliyemleta.

Afisa kazi akamuuliza, "Mama, hawa walifungiwa au hawakufungiwa?"

Ester akasema, "Walifungiwa. Niliyefunga ni mimi, kwa mkono huu. Nilimsikia huyu akigonga, naye alikuwa mjamzito, nikaenda zangu. Tangu siku ile nikisikia mtu anagonga mlango, nashtuka."

Meneja alitaka kusema, afisa kazi akamwinulia mkono akae kimya. Josefina akanyanyuka, akamwendea Ester, akamkumbatia kwa mkono wake ule ulioungua. Mimi nilishindwa kujizuia. Nililia mle ofisini kama mtoto.

Kwa amri ya afisa kazi tulirudishwa kazini sote, na Ester hakuguswa. Iliandikwa na kubandikwa ukutani kwamba hakuna mfanyakazi atakayefichwa wala kuachishwa kwa sababu ya mwili wake. Siku niliyorudi nilikuta wenzangu wameiosha stuli yangu na kuisogeza mahali penye mwanga.

Na wageni walikuja tena. Mmoja alisimama mbele yangu, nikajiandaa kwa lolote. Aliinua mnofu, akaupapasa kutafuta mwiba, hakuupata, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Mguu wangu hakuuona kabisa. Tulicheka siku hiyo, hata Ester alicheka.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Mguu wangu ni ule ule, mnauona. Aibu ndiyo iliyoondoka, nami ni mtu huru.

Ninalo neno moja kwa wazazi mliomo humu. Najua ziko nyumba mtaani kwetu zenye mtoto ambaye hajawahi kuletwa hapa, kwa sababu ya miguu, au macho, au akili yake. Siwalaumu. Mwaminini Mungu aliyemuumba, mumlete Jumapili ijayo. Kama mnaogopa macho ya watu, mniambie mnakaa wapi. Nitakuja niwachukue, tutembee naye polepole, nje mchana kweupe, mpaka hapa.