Upande wa Nne: Mzee Bartolomayo Chibehe Aliaga Gazeti la Nyimbo

Mzee Bartolomayo Chibehe, mpanga herufi wa kwanza wa kiwanda chetu cha chapa hapa Dodoma, anastaafu tarehe 30 Juni 1914, baada ya miaka kumi na mitano ya kazi. Karibu kila toleo la gazeti letu, Nyimbo za Mwezi, limepita mikononi mwake.

Alianza mwaka 1899, misheni ilipokuwa na mashine moja ndogo na sanduku moja la herufi za risasi. Gazeti lilipangwa kama magazeti mengine: sauti nne za wimbo zilishuka moja chini ya nyingine, zote zikimtazama msomaji mmoja. Halikupendwa. Mzee Bartolomayo alikwenda kwao Buigiri kutazama sababu. Alikuta kijiji kizima kina nakala moja, imewekwa juu ya kigoda, na waimbaji wameizunguka uso kwa uso, kama Wagogo wanavyoimba siku zote. Wa upande mmoja walisoma. Wengine walipinda shingo. Nakala ya mwezi uliotangulia walikuwa wameikata kwa kisu vipande vinne, kila sauti ikachukua chake.

Alirudi akaupanga ukurasa upya. Kila sauti aliipa upande wake wa karatasi, herufi zikimwelekea anayesimama hapo. Msimamizi wa wakati huo, alipoona nusu ya maneno yamesimama kichwa chini, alimwuliza kama amekunywa pombe ya mtama. Mzee Bartolomayo aliziacha pana pambizo za karatasi, kwa sababu vidole vya wasomaji wetu vina samli. Picha ya katikati ilipaswa kuyavuta macho ya pande zote, basi akachonga kwenye ubao vitu visivyo na juu wala chini: uso wa ngoma, mdomo wa kibuyu, kiota cha kwale. Wengi walilinunua gazeti kwa sababu ya picha, wakaendelea kulinunua kwa sababu ya nyimbo.

Kabla ya kuchapa kila toleo, karatasi ya majaribio iliwekwa juu ya kigoda na watu wanne wakaiimba. Mmoja akipinda shingo, upande wake ulipangwa upya. Mzee Bartolomayo alisimama upande wa kwanza, Anyesi wa ghala la karatasi upande wa pili, Mrisho Abbasi wa mashine upande wa tatu. Wa nne, sauti nene ya wanawake, ulikuwa wa Zipora, mke wa Bartolomayo. Mrisho, kwa kuwa ni Mwislamu, aliimba sauti na kuyaacha maneno ya kanisa.

"Shemeji, leo umeyameza maneno yote peke yako," Zipora alimtania.

"Mimi nimeajiriwa kuzungusha mashine," Mrisho alijibu. "Maneno ni yenu, sauti ni ya Mungu."

Zipora alifariki wakati wa mvua za 1912. Mwezi uliofuata Mzee Bartolomayo alimwachia Filipo, mshona vitabu, upande wa kwanza, akasimama mwenyewe upande wa nne. Aliimba sauti ya mkewe kwa koo la mwanamume na hakukosea hata mara moja. Hakuna aliyeona jambo la kuuliza.

Toleo la Aprili mwaka huu lilitoka na kosa. Upande wa nne ulibaki na sauti ya wimbo wa Machi. Vijijini watu walianza vizuri, kisha sauti nene ikaingia na kuvuruga kila kitu. Loisi, dada yake Zipora, alikuja kwa miguu kutoka Buigiri, nakala ameifunga kwenye ncha ya nguo.

"Shemeji, siku hizi nani anasimama pa Zipora?" aliuliza mbele yetu sote.

"Mimi."

"Na unaona?"

Mrisho alisimamisha mashine.

"Sioni, shemeji. Tangu mwaka jana napanga kwa vidole. Pale upande wa nne sisomi; huwa namsikia yeye, naimba."

Loisi aliifungua ile nakala, akainyoosha juu ya kigoda. "Basi wewe unaimba na marehemu," alisema taratibu. "Sisi tunaimba na karatasi."

Mzee Bartolomayo hakungoja kuambiwa. Wiki ileile aliomba kupumzika. Hakutaka zawadi, aliomba tu kwamba akiondoka ukurasa usirudishwe kumtazama mtu mmoja. Msimamizi wa sasa amekubali, na toleo la Julai limepangwa pande nne.

Katika sherehe ya kumuaga, wimbo wa Aprili utaimbwa tena, ukiwa umesahihishwa. Upande wa nne ameupanga mwenyewe kwa vidole, na ndiyo kazi yake ya mwisho kiwandani. Anyesi ameusoma herufi kwa herufi, hauna kosa. Loisi atasimama hapo. Mzee Bartolomayo ataketi nje ya duara, mahali ambapo tangu aanze kazi hii hajawahi kukaa.

Mzee wetu, ahsante kwa kila shingo uliyoinyoosha. Rudi Buigiri salama, Mungu akupe uzee mwepesi na watu wa kukusomea. Na kila mwezi, ukisikia sauti nene inaingia mahali pake, ujue upande ule una mtu.