Wa Kusimama kwenye Tuta

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mwanangu msusi, achana na hizo sufuria uje ukae hapa kitandani, upande wa mkono wangu wa kulia. Hakuna atakayekufa njaa leo, na mimi hata nikifa haitakuwa kwa njaa. Wewe Chuma, vuta kigoda, ila uuweke vizuri huo mguu wako usiokunjika, usije ukamwangusha mtu humu ndani tukawa na wagonjwa wawili. Nyigu, mjukuu wangu, zima hiyo pikipiki yako huko uani uje ukae karibu na shangazi yako; nimeisikia, imewaka vizuri, haina kikohozi. Na wewe Mwashi, mbona unasimama kizingitini kama mtu aliyekuja kuuliza njia? Ingia. Maneno haya ni yako pia.

Mimi sikusoma, mnajua. Wosia wangu hauna karatasi; karatasi yangu ni ninyi, basi kila mmoja ashike sawasawa nitakaloliandika juu yake, na msinikatize, maana nikikatizwa sijui kama nitapata pumzi ya kurudi nilipoachia.

Kwanza nashukuru. Nashukuru kwa nyumba hii, ambayo baba yenu aliijenga kwa kuendesha lori la mboga, lori lile lile lililotupeleka kwenye mashindano, pikipiki imefungwa kamba katikati ya magunia ya kabichi, nasi tumeikalia mizigo kama vile nasi tunakwenda kuuzwa. Nyumba haiuzwi. Vyumba vya mbele ni vya msusi, vya nyuma ni vya Chuma, na ua ni wa pikipiki, na asitokee mtu wa kusema ua unanuka petroli, kwa sababu harufu hiyo ndiyo iliyotulea. Cherehani yangu nataka iuzwe. Nimeshona nayo suruali za kupandia pikipiki, nikatia viraka magotini mpaka viraka vikapata viraka, na sasa macho yangu hayaoni tundu la sindano. Iuzeni, mumnunulie Nyigu helmeti mpya. Usiniangalie hivyo, mjukuu wangu. Ua ulilolichora ubavuni mwa helmeti yako ni zuri, tena rangi umezipatia, lakini najua ua lile limeota juu ya ufa. Baba yako Chuma naye alichora radi. Sisi watu wa mfuko wetu tunachora sana.

Ndivyo tulivyoitwa, watu wa mfuko wetu. Nyigu, hukuwapo, basi nikwambie ilivyokuwa. Kulikuwa na wale wa kampuni, wana mahema makubwa, wana mafundi wamevaa sare, wana daktari wao na maji ya baridi, pikipiki ikikwaruzika tu inaletwa nyingine. Halafu tulikuwa sisi, upande wa vumbi, fundi ni mpandaji mwenyewe, mpishi ni mama yake, na daktari ni kitambaa chenye maji ya chumvi. Kazi yangu ilikuwa kuosha sponji la kuchujia hewa ya injini, kulikamua, kulipaka mafuta, kulianika kwenye kamba pamoja na soksi, mpaka siku moja baba yenu akatoka kuoga akajifutia uso nalo, akaja kulalamika kwamba taulo letu lina mafuta. Mimi nilicheka nikakaa chini.

Na tairi, jamani. Za kwetu tuliziokota nyuma ya mahema ya kampuni. Fundi wao mmoja aliniuliza, "Mama, hizi tunatupa, wewe unazipeleka wapi?" Nikamwambia, "Wewe tupa, mwanangu, usiulize, tupa tu upande huu nilipo." Jioni ile Chuma akamaliza mbele ya mpandaji wao, nikapita hemani kwao taratibu, nikamwambia yule fundi, "Tairi yako inakusalimu." Alicheka, akanipa na nyingine. Namshukuru popote alipo. Watu wengi walitubeba bila kujua kwamba wametubeba.

Sasa nifike ninapokwenda.

Nyigu, unalijua tuta kubwa. Pikipiki inapanda kwa kasi, inaruka, na anayepanda haoni kilichopo upande wa pili mpaka yuko hewani. Kama kuna mtu ameanguka kule chini, anayefuata anatua juu yake. Ndiyo maana lazima pawe na mtu pale juu, ubavuni, mwenye kitambaa cha njano. Mtu akianguka, kitambaa kinapanda, na wote wanaokuja wanajua wapunguze, wasiruke. Wenye mashindano walikuwa na watu wao wa vitambaa pale pa kuanzia na pa kumalizia tu, ambapo wapiga picha wapo. Huko kwenye matuta walisema hawana fungu. Basi sisi watu wa mfuko wetu tukapanga: kila familia itoe mtu wa kusimama. Mimi nikapewa tuta kubwa. Kitambaa changu nilikikata kwenye pazia la chumba hiki hiki.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja aliyekuwa amepanda zamani, mkono wake ulikuwa umebaki na vidole vichache, akawa ananielekeza kwa kiwiko. Aliniambia, "Mama, akianguka mtu, wewe usimtazame. Mpe mgongo. Watazame wanaokuja, na mkono uwe juu." Nikamuuliza, "Na akiwa wangu?" Akasema, "Akiwa wako ndiyo hasa. Ukishuka wewe, nani atabaki juu?"

Nikaona ni maneno mepesi. Nikaitikia, nikaendelea kumenya karanga.

Mwanangu msusi, nipe mkono wako. Haya ninayoyasema sasa ni yako, hata kama wote wanasikia.

Siku ile ulikuwa kwenye uzio, na nywele za wateja ulikuwa umeziacha nusu ili uje kumshangilia mdogo wako Chuma. Mnyororo wa pikipiki yake ulikuwa umechoka. Alijua, nami nilijua, kila mtu wa upande wa vumbi alijua, kwa sababu nusu yao minyororo yao ilikuwa hivyo hivyo. Lakini fedha ya mnyororo mpya ilikuwa kwenye zawadi ya siku hiyo hiyo, na zawadi huifuati kwa miguu. Hayo ndiyo maisha ya mtu wa mfuko wake: kinachoweza kukuokoa kinauzwa, na fedha ya kukinunua iko ng'ambo ya pale unapoweza kufia. Mnyororo ukakatika pale kwenye kuruka. Nilisikia kwanza sauti yake, kama mtu aliyevunja ubao, halafu nikamwona mwanangu anapita hewani peke yake na pikipiki peke yake.

Ulipiga kelele. Nilikusikia. "Mama, shuka! Mama, ni yeye! Mama, huoni ni yeye?" Na mama mmoja muuza mikate, aliyekuwa karibu nawe, akasema kwa sauti wote wasikie, "Huyu mama ana moyo wa jiwe, hata hageuki."

Sikugeuka. Niliinua kitambaa nikampa mgongo mtoto wangu niliyemzaa. Na wewe, Chuma, hukumbuki, ulikuwa umegongwa kichwa, lakini ulikuwa unaniita. Ulikuwa na ndevu zako, mtu mzima, unaita "mama, mama" kama siku ulipoanguka kisimani. Miguu yangu ilitaka kushuka. Naapa, ilitaka kushuka bila mimi. Nikaukanyaga mguu wa kulia kwa mguu wa kushoto, nikaukandamiza pale pale kwenye udongo, nikapunga.

Wa kwanza kufika alikuwa mpandaji wa kampuni. Aliona njano, akapunguza, akapita pembeni anatukana matusi ambayo sitayarudia, maana nakaribia kuonana na wakubwa. Nyuma yake alikuja huyu hapa, Mwashi. Wakati ule alikuwa mchana anajenga kuta za watu, jioni anafanya mazoezi kwenye mashimo ya udongo wa matofali, na siku ile alikuwa anakwenda kushinda. Zawadi ile ndiyo ingemlipia chumba. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumtolea godoro nje. Aliona kitambaa, akashuka taratibu, akailaza pikipiki yake njiani kwa upana, akasimama mbele ya mwanangu na mikono ameitanua, na wote waliokuja nyuma wakaona kitambaa changu kwanza, kisha wakamwona yeye, wakapita pembeni wazima. Ambulensi haikuwapo. Lilikuja gari la mikate la yule yule mama aliyenisema. Alishusha makreti yake yote chini kwenye vumbi, hakuuliza nani atamlipa, namshukuru sana na yeye, na hospitali nzima ikanuka mkate mpaka nesi akauliza ni nani aliyekuja na chai.

Chuma alipopata fahamu akamuuliza Mwashi, "Kwa nini ulisimama, na zawadi ulikuwa umeishika mkononi?" Mwashi akajibu, "Ulikuwa umelala njiani kwangu." Basi. Hajaongeza neno mpaka leo. Mwisho wa msimu ule aliuza pikipiki yake.

Na wewe, binti yangu, pale kwenye korido uliniambia, "Ulimfanya kama mtoto wa jirani." Ulikuwa unawaka kwa hasira, na mimi mkono ulikuwa bado unaniuma kwa kupunga, nikasema moyoni, ataelewa akipoa. Ukakaa na neno hilo. Miaka yote hii umenisuka nywele, umeniogesha, umenipikia uji laini usiokwama, hujawahi kunikosea adabu hata siku moja, lakini kuna mlango mmoja ndani yako uliufunga siku ile, nami nimekuwa nikipita nje yake. Sikulaumu. Nakushukuru kwamba ulinitunza hata ukiwa na donge. Mtu kutunza akiwa na furaha ni rahisi. Wewe ulinitunza ukiwa umekasirika, tena vizuri.

Leo sikuombi msamaha, maana singefanya vingine. Nakuomba kazi.

Jumamosi Nyigu anashindana kwenye tuta lile lile. Mlikuwa mnagombana juzi mkidhani nimelala. Wewe ulisema, "Mimi siendi kumtazama mtoto huyu akivunjika kama baba yake." Na Nyigu akajibu, "Basi shangazi usije, lakini mimi naenda." Ataenda. Mtoto huyu ni wa petroli, hata ukimfungia atatokea kwenye bomba. Sasa nani atasimama? Chuma hawezi kupanda tuta na mguu ule, wala kuruka pembeni pikipiki ikimjia. Mwashi macho yake yameliwa na saruji, anamsalimia mlingoti wa umeme. Mimi ndio huyu mnaniona. Wenye mashindano bado hawana fungu.

Umesema hutaki kumtazama. Binti yangu, hutamtazama. Ndiyo kazi yenyewe. Utampa mgongo, utawatazama watoto wa wengine wanaokuja, na kwa kuwatazama wao ndio utamlinda wako. Wewe uliyemlea huyu tangu hajaota meno, hakuna mwingine ninayemwamini pale juu. Anayempenda kidogo atashuka kutazama kimetokea nini. Nataka anayempenda sana, kisha abaki.

Chuma, kagua mnyororo. Usiseme utamaliza msimu. Mnyororo ukichoka, Nyigu hapandi, hata kama zawadi ni lori la mboga. Nyigu, helmeti ikishagonga chini mara moja, imekwisha, ikate uoteshe maua ya kweli. Na ukiona njano, usijiulize ni nani aliyelala kule. Punguza, awe rafiki yako au yule anayekutania. Mkumbuke Mwashi.

Mwashi, wewe nakuachia kiti cha baba yao pale kibarazani. Hakijakaliwa tangu aondoke, na tumekifuta vumbi kila siku. Kuanzia leo ni chako, na katika nyumba hii hubishi hodi tena.

Nikiondoka kabla ya Jumamosi, nizikeni, mle, kisha mpakie pikipiki. Msimzuie kwa ajili yangu. Nikisikia kwamba mashindano yamepita Nyigu yuko ndani amekunja magoti ananililia, nitaudhika huko niliko.

Maji kidogo... asante. Asante, mwanangu.

Nawaombea mvua isinyeshe mkiwa njiani. Nawaombea mikono yenye msaada iwafikie kabla hamjaita, kama ilivyonifikia mimi. Mpendane mkiwa na donge, mpendane na mkiwa hamna. Nimekula maisha yangu, nikashiba, sina ninalodai.

Inua mto huu. Hapo chini yake. Ndicho. Kimepauka, lakini njano bado ni njano. Simama, binti yangu. Hapana, simama kabisa, pale katikati. Geuka, mpe Nyigu mgongo. Usimtazame, hata ukisikia anakuita. Inua mkono.

Lia, hakuna anayekukataza, na mimi nililia. Ila mkono usishuke.

Juu kidogo. Juu zaidi, walio mbali wakuone.

Hivyo. Hivyo hivyo, mwanangu.

Baki juu. Mimi sasa... naweza kushuka.