Kitabu Alichobaki Nacho Neema

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize.

Mathayo Petro Namkunda alizaliwa Mikindani tarehe 14 Mei 1978, mtoto wa tatu wa Mwalimu Petro na Mama Anna, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1986 hadi 1992, sekondari Mtwara mjini, na mwaka 2003 akahitimu masomo ya kompyuta Dar es Salaam, akarudi nyumbani na nguo chache na sanduku zima la vitabu.

Tangu 2004 aliandika programu katika ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari. Vitabu vile vilikuwa vya mabingwa wa zamani wa kazi yake, vingine vimeandikwa kabla hajazaliwa, na wenzake walipomtania kwamba anasoma makaburi, aliwajibu kuwa mashine huzeeka lakini fikra nzuri haizeeki, kisha akawaazima. Hakuandika nani kachukua nini. Akikihitaji kitabu chake alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akakohoa kidogo, na hata ukimkaribisha vipi hakuketi.

Tarehe 12 Julai 2008 alifunga ndoa na Mwalimu Neema, wakajaliwa watoto wawili, Anna, aliyerithi jina la bibi yake, na Fredi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, na alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, alifariki hospitalini, mkewe akiwa amemshika mkono.

Linalofuata tulijadiliana kama lisemwe, tukaona mmeshalisikia njiani. Asubuhi ile, kabla hatujampigia mtu yeyote simu, Rashidi, mwenzake wa ofisini, alikuja kutoka Ziwani akabisha hodi na kitabu mkononi, akasema Mathayo amepita kwake, amekohoa mlangoni, hakuketi, ameomba kitabu chake kiletwe nyumbani kwa kuwa mikono yake imechoka. Akafuata Sudi, kisha Godfrey, kisha wengine, maneno yao yale yale, na sasa vitabu vyote viko mezani pale kando ya jeneza, isipokuwa kimoja.

Hicho anacho Neema, aliazimwa wakati wa uchumba, hakuwahi kukimaliza wala kuulizwa. Mashangazi wamemsihi akiweke na vingine, ili marehemu asiwe na la kurudia, naye amekataa. Tangu Jumatatu mlango wa mbele hautiwi komeo, na kila mtu akikohoa nje, Neema huinuka. Tunaogopa, hatufichi, ila hatutamnyang'anya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ofisini, majirani mliopika na kukesha nasi, na ninyi mliorudisha vitabu bila kutuuliza neno.

Mathayo, kwa wengine wote umeshapita, bado kwa mkeo. Mpitie, atakupa kitabu chako, kisha pumzika kwa amani.