Picha ya Mwisho ni ya Kadege

Leo, tarehe 30 Septemba 1995, Tata Mukalay anastaafu kazi ya kupiga foto za kampuni baada ya miaka thelathini na mmoja. Kila mfanyakazi wa hapa Kolwezi, toka direkta mpaka mimi ninayefagia ofisi yake, anatembea na sura aliyoipiga yeye kwenye kadi ya kazi. Wenzangu wamenituma niandike maneno haya ya kumuaga kwa sababu, wanasema, mimi ndiye niliyefagia majani yaliyodondoka toka nywele za Tata kila Jumatatu.

Maana Jumapili, wengine wakitoka misa, Tata alikuwa ameshapanda baisikeli kwenda kwenye kijito cha porini, upande wa Nzilo. Huko alilala kwenye matope, akajifunika matawi, akangoja tudege. Si tai, si korongo: tudege tudogo twa kuenea kwenye kiganja. Alichomeka fimbo ukingoni mwa maji ili kadege kapate pa kukaa mbele ya apareyi yake ya foto. Mke wake, Mama Fidélie, aliwalalamikia majirani: "Tudege anatutengenezea kiti. Kwangu kiti ilivunjika tangu mwaka jana, haioni!"

Sheria yake ilikuwa moja: katika kila filme, kila mkanda wa apareyi, picha ya mwisho ni ya kadege. Ukifika wa mwisho kwenye mstari, umechana nywele, umepaka mafuta, utasikia tu: "Rudia kesho, mama. Ile imebaki iko na mwenyewe."

Waliobahatika walikalishwa, na Tata akapiga mluzi kama kule kijitoni ili mtu ainue macho. Ndiyo maana kwenye kadi zetu wote tunatazama juu, pembeni, kama watu wanaotafuta kitu kwenye dari. Direkta mmoja aliambiwa, "Tulia, tata, usitikise mukia." Akatulia.

Na nani amesahau kadi ya Tata Stany? Picha zilichanganyika mezani, na kadege ka kifua cha njano kakabandikwa mahali pa sura yake. Tata Stany aliingia kazini wiki nzima hivyo hivyo. Sentinele wa mlangoni alipoulizwa, alijitetea: "Ile sura minaijuaka. Ni Stany, ila amekonda."

Kadege kamoja tu kalimshinda: mdiria mdogo wa mgongo wa buluu na mdomo mwekundu, anayekuja na mvua za kwanza na kuondoka zikiisha. Miaka yote Tata alipata fimbo tupu. Ana albamu ya fimbo tupu, na anaionyesha kwa fahari: "Hapa ndipo kalikuwa."

Halafu kazi zikaanguka, magasin, duka la kampuni, ikabaki rafu tupu. Mwaka 1993 watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakafukuzwa hapa, majirani zetu, watu tuliokula nao sahani moja. Walilala kwenye kituo cha treni na mizigo yao, wakingoja kupelekwa huko. Mume wangu Mpoyi alikuwa mmoja wao. Mimi ni wa hapa, na wiki ileile nilikuwa nimemzaa Joyeuse. Mama wa maternite, mkunga aliyenizalisha, alikataa kabisa mtoto mchanga apande treni ile. Kwa hiyo Mpoyi alikuwa anaondoka peke yake, na hatukuwa na picha hata moja ya sisi watatu. Mtoto angemjuaje baba yake?

Filme tuliyoijua ilikuwa moja, ndani ya apareyi ya Tata Mukalay, na ilibakiza picha moja. Mpoyi akapita njia za porini, akamkuta Tata amelala kifudifudi. Mbele yake, juu ya fimbo, yule mdiria amekaa, panzi mdomoni. Mpoyi hakuthubutu hata kukohoa. Alinong'ona, "Piga yako, tata. Mi naenda tu."

Tata, bila kugeuka: "Bibi yako iko wapi?"

"Ku gare, na mutoto."

Tata akafunika kioo cha apareyi. "Twende. Haka kanarudiaka."

Kituoni alitupanga kati ya magodoro na masufuria, akapiga mluzi wake. Picha iko ukutani kwangu. Mimi natazama juu, Mpoyi anatazama juu na anacheka, hata watu wa nyuma wasiotuhusu wanatazama juu. Joyeuse peke yake amelala. Sasa ana miaka miwili na kitu. Kila asubuhi anapanda kwenye kiti, anambusu baba yake. Ukimuuliza baba anatazama nini, anajibu, "Kadege."

Mpoyi yuko Mwene-Ditu, huko Kasai. Ametuma neno: njia ikitulia, anarudi.

Tata Mukalay, kilichofungwa ndani ya karatasi hii mwenzetu Tata Henri amekuletea kutoka Lubumbashi kwa niaba yetu sote: filme nzima, mpya. Hakuna kadi ya mtu ndani yake. Mvua zinakaribia, mdiria yuko njiani. Mpige mbele, mpige nyuma, mpige hata mkia. Ila sheria yako tumeigeuza: picha ya mwisho ni ya watu. Usiiguse.

Tunakushukuru kwa kila sura uliyotupa. Ukae vizuri, ukae mkavu, na Mama Fidélie apate kiti chake. Siku Mpoyi atakaposhuka kwenye treni, nitakuja mwenyewe kukuita kijitoni. Safari hii Joyeuse atakuwa macho.